Daktari bingwa wa upasuaji wa ubongo ni nani?

Ukisema hapa Dodoma kwamba unampeleka mgonjwa kwa daktari wa ubongo, wapo watakaodhani mnaelekea Mirembe. Mirembe ni hospitali ya afya ya akili. Bingwa tunayemzungumzia hushika kisu: hupasua fuvu, uti wa mgongo na mishipa ya fahamu, na kwa Dodoma utamtafuta Hospitali ya Benjamin Mkapa, jirani na Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM).

Sehemu kubwa ya kazi yake ni kupambana na mgandamizo, maana fuvu la mtu mzima halitanuki. Chukua dereva wa bodaboda aliyeanguka Ihumwa bila helmeti. Mshipa ukipasuka kati ya mfupa na utando wa ubongo, damu hujaa pale na kuuminya ubongo. Jeraha hili lina hila: majeruhi anaweza kuzinduka, akaongea, akaomba hata maji, halafu saa chache baadaye akazimika na mboni ya jicho moja ikapanuka. Fuvu likifunguliwa mapema damu ikatolewa, anaweza kupona kabisa. Daktari tarajali, yaani aliyemaliza shahada na yuko kwenye mafunzo ya vitendo, akiliona hilo kwenye zamu ya usiku, si ajabu akanasa hapo hapo na kuichagua fani hii.

Wengine huvutwa na watoto wenye vichwa vikubwa na mgongo wazi. Mgongo wa mtoto hufunga ndani ya siku 28 tangu mimba kutungwa, mama mara nyingi hata hajajijua, ndiyo maana foliki asidi hushauriwa kabla ya mimba. Mwenye kichwa kikubwa huweza kuwekewa mpira mwembamba unaopita chini ya ngozi, ukitoa maji kichwani na kuyamwaga tumboni. Mpira huo huziba wakati mwingine, mtoto akarudi. Kwa hiyo daktari humjua mgonjwa wake tangu akiwa mgongoni mwa mama hadi anapovaa sare za shule.

Halafu kuna umbali. Kutoka Dodoma hadi Dar es Salaam ni kama kilomita 450, na damu iliyovuja kichwani haisubiri gari la wagonjwa lifike Muhimbili. Kijana wa Kongwa au Manyoni hahitaji sababu nyingine ya kuisomea fani hii.

Njia yenyewe ni ndefu: miaka 5 ya shahada ya udaktari, mwaka 1 wa utarajali, kisha miaka kadhaa ya ubingwa. Mwenye haraka ya kujenga atafute fani nyingine. Aliyeko kidato cha nne aanze kwa kulenga PCB, yaani mchepuo wa Fizikia, Kemia na Baiolojia wa kidato cha tano.