Mkojo Unachoma? Usikimbilie Kusema Ni UTI: Majibu kwa Wanachuo wa Moshi

Wanachuo wengi wanaokuja kutibiwa hapa Moshi, wa hosteli na waliopanga Rau, Longuo au Soweto, hufika na jibu lao tayari mdomoni: "Dokta, nina UTI sugu." Ukimdadisi, unakuta ameshameza dozi mbili tatu za dukani na hakuna hata siku moja aliyopimwa. Maswali yao ni haya.

UTI ni nini?

Ni maambukizi ya njia ya mkojo. Kwa kawaida husababishwa na bakteria wa utumbo wako mwenyewe wanaoingia kwenye mrija wa mkojo. Unakwenda haja ndogo kila mara, unatoka mkojo kidogo, na unachoma. Wanawake huipata zaidi kwa kuwa mrija wao ni mfupi.

Basi mkojo ukichoma si ndiyo hiyo?

Si lazima. Kisonono na klamidia, ambayo ni magonjwa ya zinaa, nayo huchoma. Ukiona usaha uumeni, au uchafu wa njano au kijani ukeni, au unapata maumivu chini ya kitovu wakati wa tendo, acha kabisa kujiambia ni UTI. Njoo upimwe.

Lakini mimi nimeipata kwenye choo cha hosteli.

Hapana. Vyoo vingine ni vichafu, nakubali, na uongozi uambiwe. Ila kisonono na klamidia huambukizwa kwa kujamiiana: ukeni, njia ya haja kubwa, hata mdomoni. Choo kinasingiziwa kwa sababu ni rahisi kukitaja kuliko kumtaja mtu.

Rafiki alinipa vidonge vilivyombakia, nikapata nafuu. Si nimepona?

Hujapona. Nafuu si kupona. Kisonono kimeshazoea dawa nyingi, sipro ikiwemo, ndiyo maana siku hizi tunategemea sindano. Nusu dozi ya mwenzako inapunguza maumivu tu, huku vimelea vinaendelea kupanda kwenye mji wa mimba na mirija ya uzazi. Huko vinaacha makovu. Mirija ikiziba, miaka ya mbele unahangaika kutafuta mtoto. Ikiziba nusu, mimba inaweza kutunga nje ya mfuko wa uzazi, ipasuke na kukuua kwa kuvuja damu ndani. Wavulana, nanyi korodani zinaweza kuvimba na uzazi ukaathirika. Haya yote kwa ajili ya kukwepa kipimo!

Naweza kusubiri UE (mitihani ya mwisho wa muhula) ziishe?

Usisubiri. Mtihani una nafasi ya kurudiwa, mirija iliyoharibika haina. Kupima na kuanza dawa hakumalizi wiki ya kujisomea. Nenda hospitali ya Mawenzi au KCMC, au kituo cha afya cha Pasua au Majengo, popote palipo karibu nawe. Kama kinachokuzuia ni hofu ya nyumbani, majibu yako ni siri yako. Mhudumu haruhusiwi kumweleza mzazi wako.

Sina dalili yoyote. Nipime ya nini?

Wanawake wengi wenye klamidia hawana dalili. Kidonda cha kaswende hakiumi na hupona chenyewe baada ya wiki 3 hadi 6, ugonjwa ukibaki mwilini. Kama umefanya ngono bila kondomu, hiyo ni sababu tosha.

Nilifanya ngono bila kondomu, nikameza P2 asubuhi yake. Niko salama?

P2 inazuia mimba. Haizuii VVU, haizuii kisonono, haizuii chochote kingine. Nasema tena: inazuia mimba tu! Kondomu ikipasuka, au hukuitumia na hujui hali ya mwenzako, au umebakwa, fika hospitali ndani ya saa 72 upewe PEP, dawa za kuzuia VVU zinazomezwa kwa siku 28. Saa 72 ni mwisho, si muda wa kufikiria. Ukifika usiku huohuo ni bora zaidi. Inaniuma kuona binti aliyewahi P2 ndani ya saa moja akija kuulizia VVU wiki mbili baadaye, wakati PEP haimsaidii tena.

Mpenzi wangu naye atibiwe?

Ndiyo, hata kama anajiona mzima. Wapenzi wakiwa wawili, waje wote wawili. Ukitibiwa peke yako atakurudishia ugonjwa uleule, nawe utaanza tena kuita usugu. Msikutane kimwili mpaka siku 7 zipite tangu nyote mmalize matibabu. Siku mnayokuja kutibiwa pimeni na VVU, kisha mrudie baada ya miezi 3, kwa sababu kipimo cha haraka kinaweza kisione maambukizi ya wiki chache.