Picha Haiumi

Wiki iliyopita aliingia chumbani ninamotibia hamali mmoja wa hapa gatini Lamu, kijana wa miaka 34. Kwapani alikuwa na bahasha kubwa ya khaki, kaitia ndani ya mfuko wa plastiki isije ikarowa kwenye boti ya kutoka Mokowe, upande wa bara. Nikamkaribisha kiti, akakataa. Alisimama wima kama aliyemeza mlingoti, na hata salamu hazijesha akaniambia: "Diski imehama." Ya mgongo, alimaanisha: ule mto ulio kati ya pingili na pingili za uti.

Alikuwa amekwenda Mombasa. Kauza punda ili apigwe MRI, ile picha ya mashine ya sumaku inayoonyesha hadi diski. Tangu asomewe ile ripoti, miezi mitatu sasa, hajainama. Kofia ikimwanguka, mwanawe humwokotea.

Bahasha hii nimeipokea mara nyingi mno, na kila mara huwa na maneno yale yale. Basi nasema kwa mara nyingine: diski haihami. Imeshikamana na pingili ya juu yake na ya chini yake kwa nyuzi ngumu, wala haichopoki kama sabuni mkononi. Kinachotokea ni ukingo wake kutuna, au kupasuka kidogo ute wa ndani ukachungulia nje. Na huko kutuna ni kwa kawaida sana. Mwaka 1994 watafiti wa Marekani waliwapiga MRI watu 98 wasioumwa mgongo hata kidogo. Zaidi ya nusu yao walikutwa na diski iliyotuna angalau sehemu moja. Mapitio ya tafiti nyingi yaliyotolewa 2015 yalikuta kwamba hata vijana wa miaka 20 wasio na maumivu, asilimia 37 diski zao zina alama za kuchakaa. Wakifika miaka 80, ni asilimia 96. Nikiwapiga picha wazee wote wanaocheza bao barazani, nitarudi na rundo la bahasha za kutisha, nao wataendelea kulana kete.

Simlaumu anayesoma picha. Kazi yake ni kuandika anachokiona, na mwenye mgongo hakumwona akitembea. Linaloniudhi ni lile la baada ya hapo: ripoti ya Kiingereza inatafsiriwa mlangoni na yeyote aliye karibu, "kuchakaa" kunageuka "mgongo umeoza," na mtu mzima anarudi nyumbani kulindwa kama yai. Misuli isiyotumika inalegea, inakakamaa, inauma zaidi. Naye anaona ni diski hiyo.

Bahasha niliiweka juu ya kabati bila kuifungua. Nikamlaza, nikainua mguu ulionyooka, mmoja kisha wa pili. Nikagonga goti na kisigino kwa kinyundo. Nikamtembeza kwa visigino, halafu kwa ncha za vidole. Nguvu zipo, hisia zipo, maumivu hayavuki goti. Robo saa tu. Ilikuwa misuli na viungo vilivyochokozwa siku aliyoshusha saruji tangu alfajiri, kisha hofu ikakalia juu yake. Nikaiangusha kofia yake sakafuni kwa makusudi. Akanitazama kama nimemtukana. Akashika ukingo wa meza, akashuka, jasho likamtoka puani, akasita katikati, akaifikia. Alipoinuka alikaa kimya kitambo. "Mbona haikukatika?" akauliza.

Hata sayatika ya kweli, ile inayoshuka mguuni kama umeme, kwa wengi hutulia ndani ya wiki kadhaa, na mara nyingi ule ute uliotoka hunywea wenyewe mwili ukiumeza. Eksirei ndiyo kabisa haionyeshi diski, huonyesha mifupa. Lakini ukishindwa kukojoa au kuzuia haja, ukifa ganzi sehemu za kukalia, au miguu ikikosa nguvu, usingoje boti ya kesho: hiyo ni dharura. Na mgongo unaokuja na homa, kukonda au jasho la usiku tunaupima haraka, maana TB hukaa hata kwenye pingili. Vivyo hivyo aliyeanguka vibaya, au aliyewahi kutibiwa saratani. Hao picha ni haki yao.

Mengine nitayapitia mbio.

"Daktari, si figo hizi?" Mama, figo ziko juu, ubavuni chini ya mbavu, na maumivu yake mara nyingi huja na homa au mkojo uliobadilika. Maumivu yanayopanda ukiinama kukuna nazi na kushuka ukinyooka kwa kawaida hayatoki kwenye figo. Pima mkojo utulie, kisha tafuta kibao cha mbuzi kilichoinuka kidogo.

Sindano ya maumivu haina nguvu za ajabu kuliko kidonge cha dawa ile ile. Mkiomba mdungwe kila mara, tumbo laweza kuungua, na hapo ndipo ugonjwa wa figo mnaouogopa mwaweza kuupata.

Mkandaji? Akikupaka mafuta ukalala vizuri, heri. Asikwambie tu kwamba amerudisha mfupa mahali pake, kwa sababu haukuwa umetoka. Na shingo usikubali izungushwe kwa kishindo.

Kulala sakafuni hakunyooshi chochote. Utafiti wa Uhispania wa mwaka 2003 uliona godoro la ugumu wa wastani likiwafaa wenye maumivu kuliko lile gumu.

Maumivu ya shingo nayo usiyasingizie upepo wa kaskazi wala wa kusi. Mchonga milango anayekaa saa nne juu ya ubao bila kuinua kichwa hana haja ya kutafuta upepo wa kumsingizia. Ainuke kila nusu saa, azungushe mabega, arudi kazini.

La kulala kitandani mpaka upone lilishazikwa na utafiti wa mwaka 1986, wagonjwa walioamriwa kulala siku mbili walipokosa kazi siku chache kuliko walioamriwa saba. Mimi dawa yangu ni moja na wanaonijua wameichoka: baada ya alfajiri, fuata njia ya ufuoni kutoka mjini hadi kijiji cha Shela, polepole, hata kama mgongo unauma. Huyo hamali ameanza juzi. Aliniuliza kama arudi kwa boti, nikamwambia abebe maji ya kunywa, arudi kwa miguu.