Bepari wa Marx si mwizi

Kila mwaka wanafunzi wangu wa uchumi huja na Marx wao tayari kichwani: mzee mwenye ndevu aliyesema tajiri humwibia mfanyakazi mshahara wake. Marx mwenyewe hakusema hivyo, na hoja yake ni kali zaidi.

Karl Marx alizaliwa Trier, katika ufalme wa Prussia, mwaka 1818, akasomea sheria na falsafa. Uchumi ulimkuta gazetini. Mwaka 1842, akiwa mhariri mjini Köln, aliandika kuhusu maskini wa Rhine waliofanywa wezi kwa kuokota kuni zilizoanguka msituni, akaona falsafa peke yake haitoshi kuieleza kesi hiyo. Gazeti likafungiwa. Baada ya Paris na Brussels aliishia London mwaka 1849, akiishi kwa madeni. Kuna wakati hata koti lake lilikuwa rehani. Aliyembeba ni rafiki yake Friedrich Engels, kwa fedha za kampuni ya pamba ya Manchester. (Naam, faida ya kiwanda ndiyo iliyomlisha mkosoaji wa faida.) Marx alimwandikia hata kumuuliza mashine huchakaa baada ya muda gani.

Sasa tuje kwenye hesabu iliyomo katika juzuu la kwanza la kitabu chake, *Das Kapital*, la mwaka 1867. Mfanyakazi analipwa shilingi 3 kwa siku, bei halali ya nguvukazi yake (uwezo wake wa kufanya kazi), yaani kiasi kinachomwezesha kuishi na kurudi kazini kesho. Kwa saa 6 anasokota ratili 10 za pamba. Pamba ni shilingi 10, uchakavu wa mashine 2, ujira 3. Uzi nao unauzwa 15, kwa kuwa Marx anachukulia kwamba bei hufuata saa za kazi, na saa 6 huongeza shilingi 3. Faida hakuna. Lakini tajiri amenunua siku nzima. Saa zikifika 12, pamba ni 20, uchakavu 4, ujira ule ule 3: jumla 27. Uzi unauzwa 30. Shilingi 3 za juu ndiyo thamani ya ziada, na hakuna aliyepunjwa sokoni.

Wachumi wengi, nami nikiwemo, hatukubali kwamba bei hufuata saa za kazi kwa unyoofu huo. Ila hesabu hii inaeleza vizuri kwa nini wenye viwanda wa Uingereza walipigana vikali na sheria ya mwaka 1847 ya kikomo cha saa 10 za kazi kwa siku, na kwa nini wakaguzi wa serikali waliwakuta wakimega dakika za chakula cha mchana.