Tanga la mbele la boti ya safari: yanayosemwa na yaliyo kweli

Dhana iliyoenea kuliko zote miongoni mwa wenye boti za matanga ni kwamba tanga la mbele likiwa kubwa zaidi, boti nayo itakwenda kasi zaidi. Hilo ni kweli katika upepo mwanana tu. Nguvu ya upepo juu ya tanga huongezeka kwa mraba wa kasi yake, kwa hiyo upepo ukipanda kutoka noti 10 hadi 20 (noti ni kipimo cha mwendo baharini), tanga lile lile huelemewa mara nne. Tena boti inayobisha, yaani inayoukabili upepo kwa kwenda kwa kupindapinda, hujiongezea upepo yenyewe: ikienda noti 6 katika upepo wa noti 15, upepo unaosikika sitahani hukaribia noti 20. Mwenye jenoa (tanga kubwa la mbele linalopita mlingoti) ya asilimia 150, yaani yenye upana wa mara moja na nusu ya nafasi iliyopo kati ya mlingoti na waya wa mbele, hapo huwa amekwisha kuzidiwa. Boti hulala upande, mkuku (uti wa chini wa boti) hupoteza mshiko wake majini, na omo, yaani sehemu ya mbele, hung'ang'ania kugeukia upepo hata mshika usukani akachoka. Tanga la asilimia 100 au 110 lililokatwa vizuri lingemfikisha mapema zaidi.

Katika mwambao wetu jambo hili lina uzito wa pekee. Mkondo wa bahari huenda kaskazini karibu mwaka mzima kutoka Tanzania hadi Kenya, na wakati wa kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, upepo huukabili uso kwa uso, mawimbi yakawa mafupi na ya kusimama. Anayetoka Dar es Salaam kwenda Mombasa msimu huo atabisha sehemu kubwa ya njia, na kila anapogeuza, jenoa kubwa hulazimika kuburutwa kuuzunguka mlingoti huku demani, yaani kamba za kuvutia tanga, zikipigapiga.

Wengine huamini kwamba rola, yaani kifaa cha kukunja tanga kwa kulizungusha kwenye waya wa mbele, imemaliza yote: nunua jenoa moja kubwa, kisha ikunje kadiri upepo unavyozidi. Ukweli ni kwamba tanga la rola hustahimili kupunguzwa kwa karibu theluthi moja. La asilimia 135 likikunjwa hadi 100 bado hufanya kazi ya heshima, hasa likiwa limeshonewa ukanda wa sponji kwenye ukingo wa mbele ili kumeza tumbo lake (uvimbe wa katikati). Ukipita hapo, ukingo huo huwa mnene kama gogo na tumbo hubaki katikati, wakati ule hasa ambapo tanga linatakiwa kuwa bapa. Kapi la demani nalo lisiposogezwa mbele, ukingo wa nyuma hulegea juu na kuanza kupepea.

Kanuni za mashindano ya bahari kuu hutaka tanga la dhoruba lisizidi asilimia 5 ya mraba wa kimo cha waya wa mbele. Kwa kimo cha mita 15, hiyo ni mita za mraba 11.25, ilhali jenoa ya asilimia 150 ya boti kama hiyo huweza kupita mita za mraba 50. Hakuna rola itakayoigeuza hiyo kuwa lile. Ndiyo maana napendelea jenoa ya wastani pamoja na waya wa pili wa ndani, karibu na mlingoti, kwa ajili ya tanga dogo la kitambaa kizito.

Kuhusu kitambaa, cha tabaka hushika umbo vizuri, lakini katika joto na unyevunyevu huota ukungu kati ya tabaka na kubanduka. Poliesta iliyofumwa hunyumbuka zaidi, ila inashoneka hata kwa mkono.

Mwisho ni kudhani kwamba tanga ambalo halijachanika bado ni zima. Jua huua uzi kabla ya kitambaa, hasa kwenye ukanda wa nje unaobaki wazi tanga likikunjwa. Kwaruza mshono kwa ukucha: uzi ukikatika, lipeleke kwa fundi kabla ya kusi kuanza.