Deni Likikuzidi Nguvu: Jinsi ya Kuomba Kutangazwa Muflisi Nchini Kenya

Watu wengi wanaotafuta msaada wa kisheria kwa sababu ya madeni huja wakiwa wamechelewa. Madalali wameshabeba viti na runinga, ng'ombe wameshauzwa kwa bei ya kutupa, na simu imezimwa kwa kuwa wadai wanapiga mchana kutwa. Wakiambiwa kwamba sheria inamruhusu mdaiwa kwenda mwenyewe Mahakama Kuu akaomba atangazwe muflisi, hushangaa. Walidhani kufilisishwa ni jambo ambalo mdai humfanyia mdaiwa, wala hawakujua kwamba mdaiwa anaweza kujiombea.

Sheria inayohusika ni Sheria ya Ufilisi ya mwaka 2015, ambayo ilifuta sheria ya zamani iliyorithiwa kutoka enzi za ukoloni. Chini ya sheria ile ya zamani, aliyetangazwa muflisi alilazimika kurudi kortini kuomba aachiliwe, na wapo waliobaki na jina hilo kwa miaka mingi kwa sababu tu hawakuwa na pesa za wakili. Sheria ya sasa imeweka kikomo: muflisi anaachiliwa moja kwa moja baada ya miaka 3, mradi hakuna aliyepinga na yeye mwenyewe ametimiza wajibu wake. Hayo ni mabadiliko makubwa, na inasikitisha kwamba miaka yote hii bado hayajawafikia wanaoyahitaji zaidi.

Hata hivyo, kabla ya kugusa karatasi za mahakama, ni lazima ujiulize kama kweli unahitaji kufika huko. Sheria hiyohiyo ina njia nyepesi zaidi, na kwa maoni yangu wengi wanaokimbilia ufilisi wangefaa kuanzia hizo.

Njia ya kwanza ni ya mtu asiye na chochote cha kuuzwa. Kama jumla ya madeni yako si chini ya shilingi 100,000 wala si zaidi ya shilingi 400,000, huna mali inayoweza kugeuzwa kuwa fedha, hujawahi kutangazwa muflisi, na kipato chako hakikuachii hata kidogo cha kulipia, unaweza kuomba utaratibu wa wasio na mali. Ombi hili huenda kwa Mpokezi Rasmi, afisa wa serikali anayesimamia mambo ya ufilisi, ambaye ofisi yake iko chini ya Huduma ya Usajili wa Biashara. Ukikubaliwa, wadai wanaohusika huzuiwa kukudai, na baada ya miezi 12 madeni hayo hufutika. Kijana aliyekopa kwenye programu tano za simu, akawa anakopa hii ili kulipa ile hadi akafika laki mbili, hapo ndipo mahali pake. Nafasi hii hutolewa mara moja tu maishani. Ukigunduliwa kwamba ulificha mali, unaondolewa na madeni yanarudi.

Njia ya pili ni ya mwenye kipato. Mwenye mshahara au biashara inayoingiza kitu kila mwezi anaweza kuomba amri ya kulipa kwa awamu, au akafanya makubaliano ya hiari na wadai wake. Makubaliano ya hiari huandaliwa kwa msaada wa mtaalamu wa ufilisi aliye na leseni. Mdaiwa huomba mahakama impe amri ya ulinzi ya muda, ambayo huwazuia wadai kwa siku 14 na inaweza kuongezwa, ili pendekezo lake liandaliwe na kupelekwa kwenye mkutano wa wadai. Likipitishwa, linawafunga hata wale waliolikataa. Mwenye mali kama shamba au nyumba ya kupangisha asipuuze njia hii, kwa sababu mara nyingi inamwezesha kubaki na mali yake.

Ukiona njia hizo zote hazikufai, sasa zungumzia ufilisi wenyewe.

Ombi la mdaiwa lina msingi mmoja tu: kwamba hawezi kulipa madeni yake. Hupelekwa Mahakama Kuu pamoja na hati ya kiapo na taarifa ya hali yako ya kifedha. Mwombaji pia hutakiwa kutangaza ombi lake gazetini ili wadai wajue na wapate nafasi ya kusema. Kuna ada za mahakama na amana inayowekwa kwa Mpokezi Rasmi, kwa hiyo ulizia viwango vya sasa mapema usije ukakwama katikati. Jambo hili huwakera watu, na wana haki ya kukereka: asiye na kitu anaombwa alipe ndipo akubaliwe kuwa hana kitu. Ndiyo maana nasisitiza utaratibu wa wasio na mali kwa wenye madeni madogo.

Taarifa ya hali ya kifedha ndiyo moyo wa ombi lote, na ndipo maombi mengi yanapoharibikia. Iandike bila haraka. Orodhesha kila mdai, kiasi anachodai, na kama ana dhamana: benki, Sacco, chama, duka la mbegu, kodi ya nyumba, karo ya shule, mikopo ya simu, hata shemeji aliyekukopesha elfu ishirini bila maandishi. Kisha orodhesha mali: shamba hata kama hati bado iko kwa jina la marehemu baba na wewe unangoja urithi, pikipiki, mifugo, hisa, akiba ya Sacco, pesa unazodai wengine. Ambatanisha taarifa za benki na za pesa za simu. Msajili wa ardhi na wa magari wanaweza kuulizwa, na utahojiwa chini ya kiapo, kwa hiyo usitegemee kwamba kitu hakitaonekana.

Ni hatari pia kuhamisha mali dakika za mwisho. Mtu anamwandikia kaka yake ploti, anamuuzia rafiki gari kwa bei ya urafiki, halafu anaenda kortini akisema hana kitu. Sheria inampa msimamizi wa ufilisi, yaani yule anayekabidhiwa mali ya muflisi, uwezo wa kubatilisha uhamisho wa namna hiyo na kuirudisha mali ili igawanywe kwa wadai wote. Kuficha mali ni kosa la jinai. Mahakama Kuu nayo imewahi kuyatupa maombi ya watu walioonekana kutumia ufilisi kukwepa hukumu huku wakiendelea kuishi kwa raha. Jaji anataka kumwona mtu aliyeshindwa kikweli na anayesema ukweli wote.

Amri ikitolewa, mali yako inaingia mikononi mwa Mpokezi Rasmi au msimamizi mwingine aliyeteuliwa. Kesi za madeni dhidi yako zinasimama, na mdai hawezi kuendelea nazo bila ruhusa ya mahakama. Hata hivyo hutabaki mtupu: unaruhusiwa kubaki na vyombo vya lazima vya nyumbani, nguo, na zana za kazi yako kwa thamani iliyowekwa, ili fundi aendelee kushona na seremala aendelee kuranda. Lakini mwenye dhamana hazuiliwi. Benki inayoshikilia hati ya shamba lako bado inaweza kuliuza, na aliyekukopesha kwa dhamana ya kitabu cha gari anaweza kulichukua gari hilo.

Kisha kuna wadhamini, na hapa naomba msomaji atulie. Kwa Wakenya wengi mkopo mkubwa kabisa ni ule wa Sacco, na mkopo huo umedhaminiwa na wenzako wa kazini: mwalimu mwenzako, muuguzi mwenzako, mliyekula naye chai kwa miaka kumi. Kutangazwa kwako muflisi, na hata kuachiliwa kwako baadaye, hakumwondolei mdhamini deni. Wewe ukiacha kulipa, Sacco inamgeukia yeye na kuchukua akiba yake. Sheria haikulazimishi kumwarifu, lakini utu unakulazimisha. Mwambie kabla hajasoma jina lako gazetini. Mara nyingine mazungumzo hayo kati yako, wadhamini na Sacco ndiyo huzaa mpango wa kulipa polepole unaookoa kila mtu, na ombi la ufilisi likaachwa.

Katika kipindi cha ufilisi utabanwa. Katiba inamzuia muflisi ambaye hajaachiliwa kugombea ubunge na udiwani. Huwezi kuwa mkurugenzi wa kampuni bila ruhusa ya mahakama. Unahitaji idhini ili kuendesha biashara au kusafiri nje ya nchi. Mali utakayoipata, ikiwemo urithi, inaweza kuchukuliwa kwa faida ya wadai. Ukiwa na kipato kinachozidi mahitaji yako, unaweza kutakiwa kuchangia.

Ile miaka 3 haihesabiwi kuanzia siku amri ilipotolewa. Inahesabiwa kuanzia siku ulipowasilisha taarifa ya hali yako ya kifedha kwa msimamizi baada ya amri, kwa hiyo anayechelewesha fomu hiyo anajirefushia kifungo. Msimamizi au mdai anaweza kupinga kuachiliwa kwako, na wewe pia unaweza kuomba uachiliwe mapema. Madeni yaliyotokana na ulaghai hayafutiki, wala matunzo ya watoto na mwenzi yaliyoamriwa na mahakama.

Kama unataka kuanza wiki hii, kusanya kwanza kitambulisho, orodha ya wadai na kiasi wanachodai, taarifa za benki na za simu za miezi ya karibuni, hati za mali, na barua yoyote ya madai uliyopokea. Ikiwa barua hiyo ni ya madai ya kisheria inayotangulia ombi la mdai la kukufilisisha, una siku 21 za kulipa, kukubaliana na mdai au kuomba mahakama iifute, kwa hiyo angalia tarehe uliyokabidhiwa. Ukiwa na karatasi hizo mkononi, nenda kwa Mpokezi Rasmi, wakili au kituo cha msaada wa kisheria, uulize kwanza kuhusu utaratibu wa wasio na mali na makubaliano ya hiari.