Kabla hujaogopa namba ya presha, angalia ulivyokaa

Juzi aliingia mama mmoja chumbani kwangu akihema. Alikuwa amepanda ngazi mbio akihofia zamu yake itampita, mkoba ungali begani, simu inaita. Nami, kwa haraka ya foleni, nikamfunga mkanda wa presha juu ya sweta huku tukisalimiana. Mashine ikatoa 168/98. Akaniangalia kama mtu aliyesomewa hukumu.

Kosa lilikuwa langu. Nikamwomba avue sweta, aegemee kiti, azime simu, kisha tukakaa kimya dakika tano. Kliniki ikijaa watu, dakika tano za ukimya ni anasa. Tulipopima tena tukapata 142/86.

Wagonjwa huniuliza, "Daktari, presha yangu ni ngapi?" kana kwamba ni urefu wa mtu, ukishaupima basi. Presha haitulii hivyo. Namba ya juu ni nguvu ya damu kwenye mishipa pale moyo unapokamua, na ya chini ni ile inayobaki moyo ukilegea kabla ya pigo jingine. Hushuka ukilala usingizi, hupanda ukikaribia kuamka, na hupanda ukiongea, ukiumwa au ukisikia baridi. Mchungaji mmoja wa kanisa huko Uingereza, Stephen Hales, aliliona hilo kwa macho yake: alichomeka bomba kwenye mshipa wa farasi, akaliunganisha na mrija mrefu wa kioo, na damu ikapanda zaidi ya mita mbili huku ikicheza juu na chini kwa kila pigo. Habari hiyo aliichapisha mwaka 1733. Nashukuru siku hizi tunatumia mkanda.

Mashine nyingi za nyumbani hazisikilizi sauti kama anavyofanya daktari mwenye kifaa cha masikioni. Zenyewe hukisia kutokana na mtikisiko mdogo wa hewa ndani ya mkanda. Ndiyo maana ukiongea, ukikunja ngumi au ukisogeza mkono, unaivuruga. Kwa sababu hiyo hiyo, mwenye mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio amwambie daktari wake mapema, kwa kuwa mashine hizi zinaweza kumdanganya.

Sasa mkao wenyewe. Keti kwenye kiti chenye egemeo, miguu yote miwili sakafuni, usiikunje moja juu ya nyingine. Nenda haja ndogo kwanza, maana kibofu kilichojaa hupandisha presha. Nusu saa kabla ya hapo usivute sigara, usinywe kahawa, usifanye mazoezi. Mkanda uguse ngozi. Halafu mkono: ulaze juu ya meza, mkanda uwe usawa wa moyo. Watu wengi hulipuuza hili, ingawa ni hesabu ya kawaida ya uzito wa damu: kila sentimita moja mkono unaposhuka chini ya moyo huongeza karibu milimita 0.8 za zebaki, kipimo cha hizo namba za presha. Ukiuacha ukining'inia sentimita 15, umejipa kama milimita 12 ambazo si zako. Nimewahi kukuta mtu akiongezewa kidonge kwa ajili ya tofauti ndogo kuliko hiyo.

Upana wa mkanda nao una maneno. Mwenye mkono mnene akifungwa mkanda mdogo, namba hupanda kwa uongo. Mwenye mkono mwembamba akifungwa mkubwa, hushuka kwa uongo. Kabla ya kununua mashine, pima mzunguko wa mkono katikati ya bega na kiwiko, kisha ulinganishe na vipimo vilivyoandikwa kwenye mkanda. Chagua ya kufunga mkononi juu ya kiwiko. Zile za kifundo cha mkono sizipendi, kwa kuwa zikihama kidogo tu kutoka usawa wa moyo zinapotosha.

Mara ya kwanza pima mikono yote miwili, kisha uendelee na ule wenye namba kubwa. Baada ya hapo, kwa siku saba, pima mara mbili asubuhi kabla ya dawa na mara mbili jioni, ukipumzika dakika moja kati ya vipimo. Andika zote, hata zinazokuudhi. Za siku ya kwanza tunaziacha, maana siku hiyo mtu huwa bado anaiogopa mashine. Zilizobaki tunatafuta wastani wake. Kliniki tunaanza kuita presha ya juu kwenye 140/90, lakini kwa vipimo vya nyumbani mpaka ni 135/85. Na tafadhali, usipime mara ishirini kwa siku: hofu yenyewe inapandisha, unapima tena kwa sababu imepanda, na jua linazama ungali umefungwa mkanda.

Wapo ambao presha hupanda wakiona koti jeupe la daktari tu. Wanaonitia wasiwasi zaidi ni wale walio kinyume: mbele yangu namba nzuri, nyumbani na kazini iko juu. Hao huondoka wakicheka. Na usingoje kichwa kiume ndipo upime. Kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani, mwaka 2024 watu wazima wapatao bilioni 1.4 wa umri wa miaka 30 hadi 79 walikuwa na presha ya juu, na zaidi ya wanne katika kila kumi hawakujua, kwa kuwa haiwaumi popote.

Kama tayari unatumia dawa na namba zimetulia, zimetulizwa na dawa. Usiiache bila kuzungumza na aliyekuandikia. Mwambie pia kuhusu dawa za maumivu unazomeza, hasa ibuprofeni na diklofenaki, kwani zinaweza kupandisha presha.

Ukiona 180/120 au zaidi, kaa dakika tano, upime tena. Ikibaki hapo, wasiliana na daktari siku hiyo hiyo. Ikiambatana na maumivu ya kifua, kukosa pumzi, udhaifu wa upande mmoja, ulimi kuwa mzito au macho kutoona vizuri, usihangaike kupima tena. Nenda hospitali.

Yule mama alirudi na daftari lake. Wastani wa siku sita ulikuwa 141/88, kwa hiyo presha anayo, ila si ile ya ngazi na sweta. Jioni ya siku ya nne ilikuwa 156/94, na pembeni ameandika kwa kalamu nyekundu: "nimetoka kugombana na mwanangu." Akauliza kama tunaweza kuifuta hiyo. Tuliihesabu.