Paa gumu la rodista: yanayosemwa gereji na yaliyo kweli

Paa gumu la kuchomoa la rodista (gari dogo la viti viwili lisilo na paa la kudumu) haliharibiki barabarani. Huharibika katika zile dakika kumi za kulitoa, kisha katika miezi linapokaa stoo. Maelezo haya yanaelekea zaidi kwenye Mazda MX-5 ya kizazi cha kwanza na cha pili (cha kwanza ndicho kilichoingia sokoni Japani mwaka 1989 kwa jina la Eunos Roadster), ambazo mapaa yake yanabadilishana bila shida. Magari mengine yana makomeo tofauti, ila makosa ni yale yale.

"Ni kilo ishirini tu, mtu mmoja anatosha."

Ni kweli kwamba paa la MX-5 lina kilo 20 na ushei, sawa na jerikeni ya maji iliyojaa. Lakini jerikeni ina mshikio na unaibeba karibu na mwili. Paa ni pana, halina pa kushika, na uzito wake umeegemea nyuma kwenye kioo. Anayelinyanyua peke yake akiwa amesimama ndani ya gari hujikuta kona ya nyuma inashuka na kutua juu ya buti, au ukingo wa mbele unaparuza fremu ya kioo cha mbele. Rangi ya sehemu hizo mbili ndiyo inayokwenda kwanza, na ukikagua rodista ya kununua, mikwaruzo hapo itakuambia paa lilikuwa likitolewa vipi.

Wanatakiwa watu wawili, kila mmoja upande wake, wakitazamana. Vueni saa, pete na mkanda wenye bizimu ya chuma. Tandikeni blanketi juu ya buti. Shusheni vioo vya milango hadi chini kabisa, kwa sababu havina fremu na vikibaki juu vinang'ang'ania mpira wa paa. Halafu fuateni mpangilio huu: chomoa plagi ya umeme ya kioo cha nyuma (ya zile waya zinazokipasha joto kiondoe ukungu), fungua makomeo ya pembeni, kisha ya nyuma, na ya mbele yawe ya mwisho, maana hayo ndiyo yanayolishikilia paa lisiteleze wakati mnahangaika na mengine. Mkono mmoja ushike karibu na ukingo wa mbele, mwingine chini nyuma ya mlango. Nyanyueni wima, bila kusukuma, mpaka sehemu zote za kufungia ziwe zimeachana na gari, ndipo mtembee pamoja kuelekea nyuma.

Mawingu yakianza kukusanyika upande wa Ziwa Viktoria, ahirisheni. Upepo unaotangulia mvua ukiingia chini ya paa lililoachiwa makomeo, watu wawili hawalizuii. Kwa Mercedes-Benz SL ya umbo la R129, ambayo paa lake linapita kilo 30, afadhali muwe watu wanne.

"Huku kuna joto, waya za kioo cha nyuma hazina kazi."

Ukungu kwenye kioo huletwa na unyevu uliofungiwa ndani, na gari la viti viwili hujaa pumzi upesi. Mvua ya saa kumi jioni Kampala inatosha, sembuse asubuhi ya baridi ya Kabale. Kwa hiyo usikate waya. Hatari kubwa zaidi ni kusahau plagi wakati wa kutoa paa: waya ni mfupi, na mkinyanyua unang'oa kile kibati kidogo kilichochomelewa juu ya kioo. Kukirudisha ni kazi ya fundi mwenye mkono mwepesi, na si mara zote kinashika. Unapochomoa, vuta plagi yenyewe, usivute waya.

"Likipiga kelele, kaza makomeo zaidi."

Kabla ya kukaza chochote, chukua kipande cha karatasi, kiweke juu ya fremu ya kioo cha mbele, funga paa, kisha kivute. Kikitoka kwa kukwama kidogo bila kuchanika, mbano unatosha. Kikiteleza kama hakuna kitu, kulabu la komeo limelegea. Lirekebishe nusu mzunguko kwa wakati mmoja, kulia na kushoto sawasawa. Kikichanika, umeshakaza kupita kiasi: mpira unabonyea na kubaki hivyo, na mbano wa upande mmoja unalipindisha paa lote kidogo kidogo.

Mara nyingi kelele haitoki mbele. Magari mengi huuziwa paa lililotoka gari jingine bila zile sahani za pembeni zinazopokea makomeo nyuma ya milango. Watu huendesha na makomeo ya mbele na ya nyuma tu, na kwenye barabara ya murram paa linacheza pembeni. Dawa ni sahani zenyewe na boliti zake. Ukikosa Kisekka, soko la vipuri la Kampala, agiza. Usikubali kuchongewa kibati chembamba.

"Pakaa dizeli, mpira utang'aa."

Utang'aa wiki moja. Mpira wa aina hii hunywa mafuta ya petroli na jamaa zake wote (dizeli, oili, hata yale mafuta ya mgando ya kujipaka), unavimba, unalainika, kisha unaachana na mfereji wake. Osha kwa maji na sabuni laini, uache ukauke kabisa kivulini, kisha pakaa grisi au mafuta ya silikoni kiasi kidogo kwa kitambaa. Milio mingi ya "kwi-kwi" inaishia hapo.

"Paa hili ni bati, fundi wa bodi atalinyoosha."

La MX-5 ni plastiki iliyotiwa nyuzi za kioo. La Honda S2000 ni alumini. Sumaku haishiki lolote kati ya hayo, kwa hiyo jaribu kabla ya kumkabidhi mtu nyundo au moto. Ufa kwenye plastiki ya nyuzi hutengenezwa kwa faiba na rezini kutoka ndani, si kwa kulundika puti juu.

"Gari likipinduka, paa gumu litakuokoa."

Hapana. Linazuia mvua, kelele na kisu cha mwizi. Halikuundwa kubeba uzito wa gari. Kazi hiyo ni ya fremu ya chuma ya nyuma ya viti, na wengi hawana.

"Ukishafunga paa gumu, maji hayaingii."

Hili ndilo linaloozesha magari kimya kimya. Kwenye MX-5 maji yanayopita pembezoni hukusanywa na mfereji ulio chini ya turubai (lile paa laini la gari, linalokunjwa nyuma ya viti), yakashuka kwa mirija miwili nyuma ya viti na kutokea chini ya gari. Mfereji huo unaendelea kufanya kazi hata paa gumu likiwa juu. Vumbi la murram likichanganyika na majani hutengeneza tope linaloziba mrija kama udongo wa mfinyanzi, na maji hufurika chini ya zulia na kwenye vizingiti vya milango. Kutu huanzia ndani, usiione mpaka imetoboa.

Kabla ya Machi na tena kabla ya Septemba, mwaga kikombe cha maji polepole kila upande na utazame chini ya gari. Yasipotoka ndani ya sekunde chache, pitisha uzi wa nailoni wa mashine ya kufyekea nyasi, ukiuzungusha taratibu. Waya wa chuma hutoboa mrija, na hapo umejiongezea kazi.

"Stoo ni stoo, liegemeze ukutani."

Likiegemezwa ukutani, uzito wote unakaa juu ya mpira wa nyuma, unalala upande mmoja na hausimami tena. Likilazwa kifudifudi sakafuni kwa siku mbili tatu juu ya godoro, sawa. Kwa miezi, hapana. Afadhali farasi wa mbao: miguu minne, mihimili miwili iliyoviringishwa godoro na zulia, ikishika paa kwenye ganda gumu, si kwenye mpira wala kioo. Pima paa lako kabla ya kwenda Ndeeba kwa mbao. Miguu iwekwe ndani ya makopo yenye oili chafu, la sivyo mchwa watalishusha wao.

Kulining'iniza kunaokoa nafasi, lakini si chini ya mabati matupu. Joto la mchana pale juu linayeyusha gundi ya kitambaa cha dari, kikaanza kulegea. Tumia mikanda mipana ya kufungia mizigo, miwili, isiyopita juu ya kioo, pamoja na mnyororo wa akiba. Boriti iliyoliwa na wadudu haifai hata kwa kilo 20.

Usilifunike kwa turubai la plastiki. Unyevu hufungiwa chini yake na kuacha madoa kwenye rangi. Shuka kuukuu la pamba linatosha. Panya nao hupenda sifongo iliyo chini ya kitambaa cha dari, kwa hiyo pitia kila mwezi.

"Turubai litalala salama chini ya paa gumu."

Litalala salama likiwa kavu. Likikunjwa na unyevu huota ukungu mweusi ndani ya wiki chache. Lenye dirisha la plastiki lifunguliwe zipu kwanza, dirisha lilale bapa na taulo juu yake, ndipo likunjwe, na iwe mchana jua likiwa limelipasha. Asubuhi ya baridi plastiki kuukuu hupasuka kwenye mkunjo. Kila mwezi toa paa gumu, litandaze turubai kivulini kwa saa moja, ulifunge na kulifungua mara moja, kisha urudishe.